Somo: Kwenda na familia kujikatia mti wa Krismasi shambani, milima ya North Carolina

Habari zenu ndugu zangu. Kila Novemba ikikaribia swali huwa lile lile: wale wanaopanda milimani kujikatia mti wa Krismasi wenyewe, wanafanyaje? Haya, leo tulimalize.

Naongelea North Carolina kwa kuwa ndiko ninakoishi. Kwa miti ya Krismasi Oregon ndiyo ya kwanza Marekani, sisi tunafuata, na karibu miti yetu yote ni ya aina moja, Fraser. Asili yake ni vilele vya milima hii hii ya Appalachia ya kusini, na jina ni la John Fraser, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland aliyepita huku karne ya 18. Ni mti wa baridi. Wakulima huupanda kwenye mwinuko wa futi 3,000 na zaidi, ndiyo maana ukiwa Charlotte, Greensboro au Raleigh lazima uendeshe hadi kaunti za Ashe, Avery, Watauga au Alleghany.

Msisitizo wangu ni huu: maamuzi yote kuhusu mti yafanyeni nyumbani kabla hamjaingia kwenye gari. Familia nyingi hupoteza siku nzuri kwa kubishana katikati ya shamba, watoto wakitetemeka, baba anautaka huu na mama anautaka ule. Mkishakubaliana urefu, upana na bei, shambani mnabaki na kazi ya kutembea na kufurahi.

Hatua ya 1: Pima sebule

Nyumba nyingi za huku dari lake ni futi 8, karibu mita 2.4. Toa inchi za stendi, toa nyota ya juu, unabaki na mti wa futi 6 na nusu, ukijitahidi sana 7. Usizidishe hapo.

Upana ndio unaosahaulika. Mti wa Fraser wa futi 7 mara nyingi chini una upana unaokaribia futi 5. Chukua kanga moja uitandaze sakafuni pale mnapotaka kuuweka: urefu wa kanga ni karibu mita moja na nusu, ndio huo huo upana wa mti. Kanga ikigusa kochi, kochi lihame au mti upungue. Ikiwa karibu na hita au ikaziba mlango, tafuteni kona nyingine.

Kisha kata kamba yenye urefu mliokubaliana, uitie mfukoni. Shambani hakuna dari, juu ni mbingu tupu, na mti wa futi 9 utauona mdogo. Kamba haidanganyiki.

Hatua ya 2: Shamba na siku

Piga simu kwanza. Yapo mashamba yanayouza miti iliyokwisha kukatwa tu, na yapo yanayokuruhusu kuchagua na kukata mwenyewe. Uliza bei inahesabiwa kwa futi au ni moja kwa miti yote, kama wanapokea kadi, kama wanatoa msumeno, na siku yao ya mwisho ni lini. Mengine hufunga mapema Desemba, miti ya mwaka huo ikishaisha. Wikiendi inayofuata Sikukuu ya Shukrani huwa na foleni ndefu. Mkiweza kwenda siku ya kazi, nendeni.

Uliza na njia. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilisomba barabara, madaraja na hata sehemu za mashamba huko milimani, na si kila njia mnayoikumbuka bado ipo kama ilivyokuwa. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika mabondeni.

Hatua ya 3: Mavazi

Milimani ni baridi kuliko mjini, na upepo juu. Vaeni nguo juu ya nguo, buti za matope, glavu. Soksi za akiba za watoto, blanketi kuukuu, kamba imara. Chai ya tangawizi kwenye themosi na maandazi.

Hatua ya 4: Kuchagua

Mkifika mtapewa msumeno wa mkono, na mara nyingi fimbo ya kupimia iliyowekwa alama za futi. Waachieni watoto watangulie, ila waonyeni kuhusu visiki vya miaka iliyopita vinavyojificha kwenye nyasi.

Mfundishe mtoto kuutambua Fraser. Chuma jani moja, lile jembamba kama sindano ila halichomi. Juu ni kijani kilichokolea. Ligeuze: chini kuna mistari miwili myeupe inayong'aa kama fedha. Livunje unuse. Mtoto akishaliona hilo hataliacha, atageuza majani shamba zima.

Jani bichi hupindika, na ukipitisha mkono kwenye tawi kuelekea nje majani hayabaki kiganjani. Majani ya kahawia ndani kabisa, karibu na shina, yasikutishe. Hayo ni ya zamani na huanguka yenyewe. Zunguka mti mzima. Upande wenye pengo utaelekea ukutani, kwa hiyo pengo moja si kasoro. Kagua shina la chini: likipinda kabla ya matawi kuanza, mti utakusumbua kwenye stendi. Angalia pia kama kuna kidonge cha kahawia kama povu lililokauka, kimeng'ang'ania kijiti. Huenda hicho ni kifuko cha mayai ya vunjajungu. Kikiingia kwenye nyumba yenye joto, wadudu mamia wataanguliwa sebuleni. Kata kile kijiti ukiache nje kwenye kichaka. Ni rafiki wa mkulima.

Kabla hamjakata, semeni na watoto kuhusu umri wa mti. Wa futi 7 una takriban miaka 12 tangu mbegu: ulianzia kitaluni, ukahamishiwa shambani, na kila kiangazi wafanyakazi huupitia kwa visu virefu kuukata ncha ili upate umbo la koni. Wengi wao ni vibarua kutoka Mexico wanaokuja kwa viza za msimu. Mimi huwa nawaambia wanangu wazi: mikono ya watu iko kwenye mti huu, basi tuutunze.

Hatua ya 5: Kukata

Ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala ubavu juu ya turubai au gunia, anainua matawi ya chini na kukata karibu na ardhi, msumeno ukiwa sawasawa na ardhi, si mshazari. Wa pili anashika shina katikati, hasukumi. Msumeno ukipita nusu, wa pili ausukume mti taratibu kuelekea upande ambao msumeno unakwenda, ili mkato ufunguke na msumeno usibanwe. Akiusukuma kwa nguvu, shina litapasuka na gome litachanika. Watoto wakae nyuma ya mkataji, mbali na upande wa kuangukia. Mtoto mkubwa anaweza kuvuta msumeno mara chache mwanzoni, mkono wa mzazi ukiwa juu ya wake.

Mkulima akikuambia acha matawi ya chini yakiwa hai kwenye kisiki, mtii. Wengine huotesha mti mpya kutoka hapo.

Hatua ya 6: Wavu na gari

Kwenye banda kuna mashine inayotikisa mti, majani makavu yakadondoka, kisha unapitishwa kwenye duara la kuuvika wavu. Kubali yote mawili. Tandika blanketi juu ya gari, laza mti kitako kikiwa mbele na kilele nyuma, ili upepo uyalaze matawi badala ya kuyafumua. Funga sehemu tatu, kisha uvute kwa nguvu: ukicheza hata kidogo, funga upya.

Hatua ya 7: Maji

Hapa ndipo mti unapookolewa au kupotea. Tangu kukatwa mna kama saa 6 hadi 8 kabla mkato haujaanza kuzibwa na utomvu. Mkichelewa, kateni tena kipande cha nusu inchi hadi inchi moja chini kabla ya kuuweka kwenye maji. Msichonge gome ili shina liingie kwenye stendi ndogo, kwani tabaka la nje ndilo linalonywa zaidi. Nunueni stendi kubwa.

Kipimo ni takriban lita moja kwa siku kwa kila inchi ya upana wa shina. Shina la inchi 4 linahitaji stendi ya lita 4. Maji ya bomba yanatosha. Sukari na aspirini hazisaidii. Mpeni mtoto mmoja zamu ya kumwagilia asubuhi na mwingine jioni. Tumieni taa za LED, hazitoi joto jingi, na zizimwe mkilala.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Greensboro: Shikamoo mama. Sisi tunapanga apatimenti, mti wa kweli unaruhusiwa?

Marahaba mwanangu. Soma mkataba wako kwanza. Majengo mengi hukataza miti iliyokatwa kwa sababu ya moto, na mengine hukataza hata shada la matawi mlangoni. Uliza ofisini, upate jibu kwa maandishi. Wakikataa, bado nendeni shambani na watoto mkatembee. Mtarudi na picha, na mti wa plastiki utasimama nyumbani bila ugomvi na mwenye nyumba.

Kutoka Charlotte: Gari letu ni Corolla, juu halina vyuma vya mizigo. Tutaweza?

Mtaweza, kaka. Fungueni milango yote minne, pitisheni kamba ndani ya gari chini ya paa, kisha fungeni milango juu ya kamba. Msipitishe madirishani, maana hapo milango haitafunguka tena na mtaingilia dirishani. Mti wa futi 6 uliovikwa wavu unatosha. Rudini taratibu, msimame baada ya maili chache mkague kamba.

Kutoka Durham: Mama yangu amekuja kutoka Moshi kunitembelea. Magoti yanamsumbua. Nimwache nyumbani?

Usimwache, dada. Mashamba mengi yana trela la trekta lenye marobota ya nyasi ya kukalia, linalopeleka watu hadi kwenye miti na kuwarudisha. Piga simu uulize wanaye mtu wa kumsaidia kupanda. Mvalishe suruali ya sufu ndani ya gauni, soksi mbili, kofia inayofunika masikio, na blanketi la miguuni. Mtu wa Moshi anaijua baridi ya mlima, ila hii ina upepo mkali. Na yeye ndiye achague mti. Nyinyi mkate.

Kutoka Louisville: Mti umekaa wiki moja, majani yanaanguka na maji hayapungui. Tatizo nini?

Maji yasipopungua, mti umeacha kunywa. Karibu kila mara stendi ilikauka usiku mmoja, utomvu ukaziba mkato. Dawa ni kuutoa, kukata inchi moja chini na kuurudisha kwenye maji haraka. Najua ni kazi mkiwa mmeshaupamba. Ukisubiri utakauka kabisa, na mti mkavu sebuleni ni hatari ya moto. Huo utolewe nje hata kama Krismasi haijafika.

Kutoka Denver: Mwanangu yuko darasa la nne, ameleta karatasi ya mti wa bure. Ni kweli?

Ni kweli kabisa. Watoto wa darasa la nne Marekani hupata pasi iitwayo Every Kid Outdoors, na kwa pasi hiyo familia hupewa kibali kimoja cha kukata mti kwenye msitu wa taifa unaotoa vibali. Kibali huombwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, kwa ada ndogo ya huduma. Lakini huko ni msituni, hakuna chai wala mashine ya wavu. Mbebe msumeno wenu, someni ni aina gani zinaruhusiwa na umbali gani kutoka barabarani, na muangalie theluji.

Kutoka Arusha: Huku tunakata tawi la saipresi tunalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Linakauka upesi. Tufanyeje?

Mchanga mkavu haunyweshi kitu. Tumieni mawe badala yake: simamisheni tawi kwenye ndoo, lishikizeni kwa mawe makubwa, mjaze maji hadi yafunike mkato. Likateni asubuhi mapema, mkato mpya kabla ya kuliingiza. Ongezeni maji kila siku.

Kutoka Raleigh: Watoto wanalia tukiutupa. Tunaweza kuupanda baada ya Krismasi?

Hauna mizizi, hautaota. Ila kama mna jirani anayefuga mbuzi, mpigieni. Mbuzi huupenda sana, majani wanamaliza na gome wanabandua. Ondoeni kila pambo, kila uzi unaong'aa na kila ndoano kwanza, na mti uliopuliziwa rangi au theluji bandia usipelekwe kabisa. Manispaa nyingi pia huikusanya Januari na kuisaga kuwa matandazo ya bustani. Utomvu uliobaki mikononi mwa watoto unatoka kwa mafuta ya kupikia kidogo, kisha sabuni.