Tarehe kwenye databesi: zipange sawa mapema, na mwaka uandikwe tarakimu nne

Kama unatengeneza programu ya databesi, iwe ya wanafunzi, wagonjwa au stoo, anza kupanga tarehe kabla hujagusa kitu kingine, maana jina likikosewa mtu analiona hapohapo ila tarehe ikikosewa inakaa humo kimya inaonekana nzuri tu. 03/04/2025 ni tarehe 3 mwezi wa nne au tarehe 4 mwezi wa tatu? Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi, na databesi haiwezi kujua aliyeandika alikuwa na maana gani.

Kolamu ya tarehe iwe ya aina ya DATE, yaani tarehe. Usiifanye VARCHAR, yaani maandishi ya kawaida, hata kama inaonekana rahisi, kwa sababu maandishi yanapangwa herufi kwa herufi, kwa hiyo 02/12/2024 itatangulia 15/01/2020 kisa sifuri iko kabla ya moja, alafu itapokea hata 31/02/2024 bila kulalamika. Mfumo wa databesi wa SQLite wenyewe hauna aina ya tarehe, huko andika maandishi lakini kwa mtindo wa kimataifa wa ISO 8601, yaani mwaka-mwezi-siku kama 2024-12-02, huo hata ukipangwa kama maandishi unakaa sawa.

Watu wengi wanauliza wafanyeje ili databesi ihifadhi siku kwanza. Hapana, kwenye kolamu ya DATE ndani hamna slashi wala vistari, fomati inakuja wakati wa kuingiza na wakati wa kuonyesha tu, basi. Kwenye MySQL unaingiza kwa STR_TO_DATE('05/03/2024', '%d/%m/%Y') na unaonyesha kwa DATE_FORMAT, kwenye PostgreSQL ni to_date('05/03/2024', 'DD/MM/YYYY'). Angalia hiyo %Y kubwa, ndo ya tarakimu nne, ndogo ni ya mbili. Wa Access muwe makini zaidi: tarehe ukiiandika ndani ya alama za # kwenye SQL (lugha ya kuulizia databesi) inasomwa mwezi kwanza, kwa hiyo #05/03/2024# ni Mei 3, lakini #13/03/2024# inageuzwa yenyewe kuwa Machi 13 kwa vile hakuna mwezi wa 13, yaani data yako nusu inageuka nusu haigeuki na hupati eraa yoyote. Andika #2024-03-05# uwe salama.

Sasa mwaka. Mtu akiandika 62 kwenye tarehe ya kuzaliwa ya mzee, MySQL inaweka 2062, kwa sababu yenyewe 00 mpaka 69 inazifanya 2000 mpaka 2069, na 70 mpaka 99 inazifanya 1970 mpaka 1999. Oracle ukitumia fomati ya mwaka ya RR inakata kwenye 50 (00 mpaka 49 ni 2000 na kitu, 50 mpaka 99 ni 1900 na kitu), SQL Server inakuja na mpaka wa 2049, yaani nayo inakata hapohapo, tofauti na MySQL, kwa hiyo data ileile ukiihamisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine mtu anaweza kuzeeka miaka 100 au asiwe amezaliwa bado. Dawa ni moja: fomu ikatae mwaka usio na tarakimu nne. Ikatae kabisa, isikisie. Weka kikalenda cha kubonyeza au visanduku vitatu huku mwezi ukichaguliwa kwa jina, na kwenye databesi kwenyewe weka CHECK (sharti la kukataa data mbaya) ya mipaka, mfano tarehe ya kuzaliwa isiwe kabla ya 1900, maana fomu sio njia pekee ya data kuingia.

Na kama mtu anajua mwaka tu, tafadhali usimjazie Januari 1! Hiyo ni kumwandikia kitu ambacho hakusema, na baadae huwezi kumtofautisha na aliyezaliwa Januari 1 kweli. Weka kolamu ya mwaka peke yake, SMALLINT (namba nzima ndogo) inatosha, mwezi na siku ziruhusiwe kubaki tupu. Aina ya YEAR ya MySQL inaanzia 1901 na kuishia 2155, kwa hiyo mambo ya zamani zaidi haitayabeba. TIMESTAMP yake, ya tarehe pamoja na saa, nayo inaishia Januari 2038, usiitumie kwa mikataba ya miaka mingi.

Ukitafuta rekodi za mwaka mmoja, badala ya YEAR(tarehe) = 2024 andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01', indeksi ya kolamu hiyo (orodha ya kutafutia haraka) kama ipo itatumika na swali litaenda haraka, na kama kolamu ina saa ndani yake zile za Desemba 31 mchana hazitapotea kama ambavyo zingepotea ukiishia kwenye '2024-12-31'.

Kabla hujawapa watu programu, jaribu kuingiza 29/02/2024 na 29/02/2000, zikubali, alafu 29/02/2023 na 29/02/1900, zikatae zote mbili. Jaribu na 05/03 ya mwaka wowote kisha ufungue jedwali lenyewe, sio fomu, uone mwezi uliokaa mle.