Kuagiza gari ya familia Japan: jinsi ya kuchagua injini, giaboksi na toleo kabla hujatuma hela

Kazi yangu ni kuagizia watu magari kutoka Japan kuja Dar, na meseji nyingi zinaanza hivi: "kaka nataka Noah nyeupe, shingapi mpaka mkononi?" Sasa hapo mi bado sijaambiwa kitu. Noah ipo ya petroli ya kawaida, ipo ya D4 (inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda), ipo haibridi (petroli na mota ya umeme pamoja), ipo ya siti saba na ya nane, yenye fo wili na isiyo nayo, na kwenye picha zote ni nyeupe na zimeoshwa zinang'aa. Kinachozitenganisha ni namba ya modeli, zile herufi kama DBA-ZRR80 zinazokaa pembeni ya tangazo ambazo watu wanaziruka kukimbilia picha. Tukimaliza hapa nataka uwe na uwezo wa kuandika namba unayoitaka kwenye karatasi, ndo ufungue mtandao uanze kutafuta.

Mahesabu ya ushuru nitakayotoa ni ya Tanzania. Walio Kenya hatua za injini na giaboksi ni zilezile, ila nyie mna sheria ya miaka 8 toka gari isajiliwe mara ya kwanza, ikizidi haiingii kabisa, kwahiyo hapo kwenye umri hamna mjadala.

Hatua ya 1: Andika gari itafanya nini siku za kawaida

Sio Krismasi. Siku za kawaida. Watu wanachagua gari kwa ajili ya safari moja ya Moshi mwezi wa 12 alafu miezi kumi na moja iliyobaki wanaendesha fo wili ya siti saba Mbagala kwenda Posta ikiwa na mtu mmoja ndani. Andika wanaopanda kila siku ni wangapi, barabara ya mwisho kufika nyumbani ikoje masika, nani ataendesha zaidi, na fundi wako anajua magari gani. Hiyo ya fundi msiichukulie poa, kama upo Songea au Kigoma gari nzuri ambayo spea zake mpaka mtu aende Kariakoo akutumie kwa basi inachosha.

Alafu siti saba. Kwenye Wish au Vanguard ya siti saba, ile safu ya tatu ikikaa watu buti inakuwa imeisha, huweki hata mabegi mawili. Kama kweli mnasafiri saba na mizigo, unahitaji gari ya umbo la Noah, Voxy, Serena au Stepwgn, hamna namna nyingine.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya cc na mwaka kabla hujapenda gari

Hapa ndo hela ilipo. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni cha magari yaliyotumika, unaingiza aina ya gari, mwaka na cc kinakupa ushuru wote, kitumie hicho kwa hesabu ya mwisho maana viwango vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Lakini uelewe inavyojengwa. Kuna ushuru wa forodha 25%, kuna ushuru wa bidhaa kwa cc ambao ni 0% mpaka cc 1000, 5% kuanzia 1001 mpaka 2000, 10% juu ya 2000, kisha VAT 18% inakaa juu ya vyote, na vitozo vidogovidogo. Gari iliyofikisha miaka 8 haijafika 10 inaongezewa 15% ya uchakavu, na iliyofika 10 kwenda juu inaongezewa 30%.

Tuweke mfano wa gari ambayo TRA wameipa thamani ya milioni 10. Forodha inaipeleka milioni 12.5. Ukichukua injini ya chini ya cc 2000 ushuru wa bidhaa ni laki 6 na elfu 25, ukichukua ya juu ya 2000 ni milioni 1 na laki 2 na nusu, ukiweka na VAT tofauti inakuja kama laki 7 na nusu hivi. Sawa, inauma, ila sio mwisho wa dunia. Sasa angalia umri: 30% ya hiyo milioni 12.5 ni milioni 3 na laki 7 na nusu, weka VAT juu yake inafika milioni 4 na laki 4 na ushee. Yaani mtu anahangaika kukwepa cc 2400 wakati kilichomla ni mwaka wa gari, na hapohapo kavutwa na bei ndogo ya Japan kaona kaokota dodo.

Kitu kingine, tangazo la Japan mara nyingi linaandika mwaka wa kusajiliwa, na TRA wanaangalia mwaka wa kutengenezwa. Gari imetoka kiwandani mwezi wa 11 ikasajiliwa mwezi wa 2, tayari kuna mwaka mzima hapo. Kama gari ipo mpakani kwenye miaka 8 au 10, muulize muuzaji mwaka na mwezi wa kutengenezwa kwa maandishi.

Cc zenyewe kwa magari yanayoulizwa sana: Noah na Voxy za ZRR ni 1986, X-Trail ya 2.0 ni 1997, CX-5 ya 2.0 ni 1997 pia, ya 2.5 ni 2488, CX-5 ya dizeli ni 2188 kwahiyo ipo kwenye 10%, Vanguard ya 2.4 ni 2362.

Hatua ya 3: Injini, na jinsi ya kuisoma kwenye namba

Anza na zile herufi tatu za mbele, kabla ya kistari. DBA ni petroli, DAA ni haibridi, LDA ni dizeli. Magari mapya zaidi utakuta 3BA au 5BA kwa petroli, 6AA haibridi, 3DA dizeli. Hii peke yake inazuia balaa kubwa. Mfano mzuri ni X-Trail 20GT, mtu anaona GT anajua ni ya michezo michezo, kumbe 20GT ni dizeli, injini ya M9R, namba yake ni DNT31. Akija kuuliza fundi wa petroli aliyemzoea, kila mtu anamshangaa mwenzake.

Baada ya kistari kila kampuni ina lugha yake. Toyota herufi za mwanzo zinafuata familia ya injini: AZR60 ni Noah ya zamani ya injini za AZ, ZRR70 na ZRR80 ni za ZR, ZWR80 ni haibridi ya 1.8. Vanguard ACA33 ni 2.4, GSA33 ni V6 ya 3.5, na bodi ni ileile kabisa. Nissan T31 ni ya kuvuta mbele, NT31 fo wili, TNT31 ndo ya 2.5. Mazda CX-5 za mwanzo angalia herufi ya tatu: KEE ni 2.0, KE5 ni 2.5, KE2 ni dizeli, inayofuata F ni ya kuvuta mbele na A ni magurudumu yote.

Ushauri wangu kwa familia ya kawaida inayozunguka mjini na kusafiri mara chache: petroli ya kawaida isiyo na tabo, kati ya 1.8 na 2.0. Haina ushujaa, ila kila fundi anaifungua na spea zipo Gerezani hapa Dar mpaka za mitumba. ZRR70 na ZRR80 mi nazipenda kwa sababu hiyo. Ile D4 ya 1AZ-FSE kwenye Noah AZR60 na baadhi ya Wish na RAV4 za kipindi kile nashauri uiache, inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, njia za hewa zinajaa masizi, gari inaanza kutetemeka sailensa (ikiwa imewashwa imesimama) na mafundi wengi wanabahatisha tu. Sio kwamba kila injini ya namna hiyo ni mbaya, za Mazda Skyactiv nazo zinapuliza hivyohivyo na zinaenda vizuri, tatizo ni ile kizazi chenyewe na sasa hivi zimezeeka.

Dizeli ya CX-5, ile XD. Utamu wake naujua, nguvu ya mvuto Nm 420, ukiikanyaga kwenye mlima haiombi ruhusa. Lakini ina chujio la masizi kwenye egzosi ambalo linajisafisha kwa kuchoma, na ili lichome vizuri gari inatakiwa itembee muda mrefu ikiwa imepata moto. Ukiishi Sinza ukafanya kazi Mwenge, kila siku kilomita chache na foleni, chujio halipati nafasi, litaziba. Kama kila wiki unaenda Dodoma au Mbeya, hiyo gari ni yako, ichukue. Kama hapana, chukua KEE ya petroli ufunge mjadala.

Haibridi inaokoa mafuta hasa kwenye foleni, kinyume na dizeli, kwahiyo kwa Dar inaingia akilini kabisa. Ila betri ina umri. Omba ripoti ya betri kama muuzaji anaweza kuipata, na ikishafika usizibe kwa mabegi au kapeti lile tundu la hewa ya kupoza betri lililopo ndani ya gari, na ulisafishe vumbi. Noah haibridi ZWR80 haina fo wili, usiitafute.

Hatua ya 4: Giaboksi

Manyuo (gia za mkono) kwenye magari ya familia ya Japan utaipata kwa tochi, kwahiyo uchaguzi halisi ni kati ya CVT, oto ya gia za kawaida, na zile za klachi mbili.

CVT haina gia, ina mkanda wa chuma na puli mbili. Ndo ipo kwenye Noah ZRR, Wish ya pili, X-Trail T31 na T32 za petroli, Serena. Ni laini na inabana mafuta vizuri. Adui yake ni joto na oili isiyo yake. Watu saba, mizigo juu, AC imewashwa, unapanda Kitonga nyuma ya lori huku unakanyaga na kuachia, hapo CVT inachemka. X-Trail hasa, ikichoka inaanza kusita kwenye mwendo mdogo au inakuwa nzito ghafla mlimani. Haimaanishi usinunue, maana ukiikataa CVT umeyakataa karibu magari yote ya familia, inamaanisha uhesabu gharama ya oili yake halisi: T31 inatumia NS-2, T32 NS-3, Toyota wana CVT Fluid yao, na yule fundi anayekwambia "weka tu ATF zote sawa", yaani oili ya oto za gia za kawaida, usimpe ufunguo.

Oto ya gia sita ya Mazda CX-5 ni ya kawaida na kwa milima na mizigo naiamini zaidi. Vanguard V6 ina oto ya gia tano, ila hapo mafuta utayalilia.

Klachi mbili ni Honda, kwenye Fit haibridi na Vezel haibridi za mwanzo. Honda wenyewe waliyarudisha gereji Japan mara kadhaa 2013 na 2014 kwa ajili ya mfumo huo. Ukiipenda Vezel, chukua RU1 au RU2 ambazo ni petroli na CVT, na uachane na RU3 na RU4.

Kuhakikisha, omba picha ya kibati cha gari, kile cha kiwandani chenye namba ya modeli na chesisi, sio pleti ya namba. Kwenye Toyota kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, ukianza na K ni CVT, ukianza na U ni oto ya gia.

Fo wili: kama barabara yako ya mwisho ni Lushoto au Makete masika, chukua. Kama ni lami mpaka getini, unabeba uzito na difu ya bure.

Hatua ya 5: Toleo, mwisho kabisa

Watu wanaanza na hili, mi naliweka mwisho maana rimu na redio unaweza kubadilisha, giaboksi huwezi. Noah ina X, G na Si, Voxy ina X, V na ZS. Si na ZS ndo zenye bampa na sketi za chini zinazopendwa, na ndo hizohizo zinazokwangua matuta ya mtaani. Mi familia naipa G au X nzuri.

Vitu vya kulipia: eabegi za pembeni na za pazia, maana matoleo ya chini mengi yana mbili za mbele tu, AC ya nyuma, kamera ya nyuma, mlango wa umeme kama una watoto wadogo. Navi usiilipie hata shilingi, ramani ni ya Japan, maneno ni ya Kijapani, na redio ya kule inaanzia 76 inaishia 90 au 95 kwahiyo stesheni zako nyingi hazishiki mpaka ufunge kifaa. Siti za ngozi kwa jua la Dar amua mwenyewe.

Kwenye karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari inapouzwa mnadani Japan, AAC ni AC ya kujirekebisha yenyewe, SR ni sanrufu, AW rimu za spoti, FAT ni oto ambayo mkono wa gia upo chini katikati ya siti, F5 ni manyuo ya gia tano. Gredi ya mnada tafuta 4 au 4.5, ndani B au zaidi, na R maana yake iligongwa ikanyooshwa, hiyo iache hata iwe toleo la juu kabisa.

Hatua ya 6: Proforma

Kabla hujatuma hela, proforma (ankara ya awali ya muuzaji) iwe na namba ya modeli nzima, namba ya chesisi, cc, aina ya giaboksi, toleo, na mwaka wa kutengenezwa. Linganisha na kibati na karatasi ya mnada herufi kwa herufi. Muuzaji akikuandikia "Toyota Noah 2.0 AT" basi, mrudishie aijaze. Akigoma hamia kwa mwingine, Noah zipo nyingi. Na gari ikishatoka bandarini, oili ya injini na ya giaboksi ibadilishwe hapohapo Dar kabla hujaanza safari ya mkoani.