SOMO: Pilates kwa wazee wetu, nini wafanye na nini waache

Wakuu, somo la leo ni kwa mwenye mama, baba, bibi au babu aliyevuka miaka 60 na ameanza kushika ukuta akitembea. Wengi mmeona video za Pilates mtandaoni, yale mazoezi ya polepole ya kuimarisha tumbo, mgongo na nyonga kwa kufuata pumzi. Msizinakili zilivyo. Mazoezi mengine mle hayamfai mzee kabisa, na mengine yanamfaa kuliko hivyo vidonge vya "kuongeza nguvu" mnavyomnunulia.

Joseph Pilates, aliyeyabuni mazoezi haya, alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, na miaka ya 1920 akahamia New York, ambako wacheza dansi wa jukwaani walikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Kwa hiyo usishangae mazoezi yake ya asili kutaka mgongo unaojikunja kama utepe. Bibi wa miaka 75 hana mgongo huo na wala hauhitaji.

Tafiti zinasemaje? Mapitio ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio sita kwa wazee, yalionyesha Pilates inasaidia balansi. Mwaka huohuo Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walipitia majaribio 10 yenye watu 510 wenye maumivu ya kiuno. Waliofanya Pilates walipata nafuu kuliko waliopewa huduma kidogo tu, lakini haikuthibitika kwamba inayashinda mazoezi mengine. Majaribio mengi ni madogo, na washiriki wengi ni wanawake. Anayekwambia Pilates ni muujiza, jua ana kitu anauza.

Tunachokikimbia hasa ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka 60 ndio wengi. Mwaka 2019 Cochrane walichambua majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000: mazoezi kwa ujumla yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23, na programu zilizochanganya aina zaidi ya moja, mara nyingi balansi na nguvu za misuli, zikafika asilimia 34. Pilates ikipangwa vizuri inaweza kubeba yote mawili.

Mahitaji. Mkeka juu ya zulia, au godoro jembamba la sponji. Mito miwili. Kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Cha plastiki hapana, miguu yake hutanuka juu ya vigae. Mzee awe peku, soksi zinateleza. Mashine zenye springi za kwenye jimu za mjini si lazima.

Hatua ya 1: Mpime. Akae katikati ya kiti, mikono ameikunja kifuani, asimame wima na kukaa tena kwa sekunde 30. Hesabu. Kwa kipimo cha CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwanamke wa miaka 65–69 asiyefikisha mara 11, au mwanamume asiyefikisha 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Akisukuma kwa mikono, andika sifuri. Sifuri si aibu. Iandike na tarehe, mtampima tena baada ya wiki nane.

Hatua ya 2: Pumzi. Alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, mto kichwani. Avute hewa kwa pua mbavu zitanuke kwa pembeni, kisha aitoe taratibu kwa mdomo huku akivuta kidogo tumbo la chini kwa ndani. Kidogo tu, bado aweze kuongea. Pumzi tano. Hii ndiyo inayoitofautisha Pilates na kujinyooshanyoosha tu: kila zoezi linalofuata, nguvu inatumika wakati wa kutoa pumzi.

Hatua ya 3: Daraja. Hapohapo, akitoa pumzi anyanyue makalio, ashushe polepole. Mara sita hadi nane. Msuli wa paja la nyuma ukikaza ghafla, asogeze visigino karibu na makalio.

Hatua ya 4: Mguu mmoja mmoja. Anyanyue goti moja hadi lielekee juu, alishushe, abadilishe. Kiuno kisicheze. Weka kiganja chako chini ya kiuno chake uhisi.

Hatua ya 5: Ubavuni. Alale kwa ubavu, mto kichwani, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana. Afungue goti la juu bila nyonga kuviringika nyuma. Mara nane kila upande. Msuli huu wa pembeni mwa nyonga ndio unaomzuia asiyumbe kila anapohamishia uzito kwenye mguu mmoja.

Hatua ya 6: Kuinua kifua. Alale kifudifudi, mto chini ya tumbo, mikono pembeni. Akitoa pumzi ainue kifua kidogo tu, macho yakiangalia mkeka. Mara tano. Asiyeweza kulala kifudifudi akae kwenye kiti na kuvuta mabega nyuma.

Hatua ya 7: Kuinuka kutoka chini. Wengi wanairuka hii, na kwangu ndiyo ya thamani kuliko zote. Mzee akianguka peke yake nyumbani asijue kuinuka, anaweza kulala pale hadi mtu atoke kazini. Mfundishe: ageuke ubavu, ajisukume kwa mkono, apige magoti, ashike kiti kwa mikono miwili, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume asimame, apumzike kabla ya kutembea. Anayeswali kwa kusujudu huwa tayari ana sehemu kubwa ya zoezi hili mwilini.

Hatua ya 8: Kusimama. Nyuma ya kiti, apande kwa vidole vya miguu mara kumi. Kisha aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, akae hivyo sekunde 10. Wewe simama karibu naye, simu mfukoni.

Siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia.

Ya kuacha. Kujiinua kutoka chali hadi kukaa kwa kuukunja mgongo, kujiviringisha kama mpira, na lile zoezi maarufu la "mia" (kulala chali na kupigapiga mikono hadi hesabu ya mia) kichwa kikiwa juu. Sababu ninayo. Mwaka 1984 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 59 ambao mifupa yao ya mgongo ilishadhoofika baada ya kukoma hedhi. Katika kundi la mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Katika kundi la kuukunja mbele, asilimia 89. Utafiti ni mdogo na wa zamani, lakini tofauti hiyo inanitosha, hasa huku kwetu ambako wazee wengi hawajawahi kupimwa uimara wa mifupa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mama ana presha na anatumia dawa. Afanye?
Kama presha imedhibitiwa, ndiyo. Asibane pumzi, hilo ndilo kosa linalopandisha presha ghafla. Akitoka kulala akae dakika moja kabla ya kusimama, maana dawa nyingine humletea kizunguzungu. Presha ikiwa bado inapanda na kushuka, aanze kwa daktari wake.

Swali: Mzee wangu anacheka, anasema haya ni ya akina mama. Tena analima kila siku.
Mwambie aliyeyabuni aliwahi kuwa bondia. Kuhusu kulima ana hoja, huenda miguu yake ina nguvu kuliko yako. Lakini jembe linamkunja mbele siku nzima, kwa hiyo mpe hatua ya 6 na ya 8 tu. Hatakubali zaidi ya hapo, na usibishane naye.

Swali: Kutembea asubuhi hakutoshi?
Kwa moyo na sukari, kutembea ni kuzuri sana. Kwa kuzuia kuanguka, mapitio yale ya 2019 hayakupata ushahidi wa uhakika kwamba kutembea peke yake kunasaidia. WHO inashauri wa miaka 65 na zaidi wafanye ya balansi na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Atembee, na haya afanye.

Swali: Bibi alibadilishiwa nyonga mwaka jana.
Usianze kabla ya kuongea na aliyempasua au mtu wa fiziotherapia. Mijongeo inayokatazwa inategemea alipasuliwa upande gani wa nyonga, mbele, pembeni au nyuma. Hatua ya 5 iacheni kabisa mpaka mruhusiwe.

Swali: Samahani, naulizia mama. Akikohoa mkojo unamtoka kidogo. Hii Pilates inatibu?
Usiombe samahani dada, wengi wanalo na wananyamaza. Tiba yenye ushahidi mzuri ni mazoezi maalumu ya misuli inayoshikilia kibofu, na Pilates ni msaidizi tu. Mwambie abane kama anayezuia upepo usitoke, akivuta kwa juu, ashike sekunde tano, aachie kabisa, mara nane, mara tatu kwa siku. Makalio yasibane wala pumzi isikatike. Ampe muda wa miezi mitatu. Kukiwa na damu au maumivu ya kukojoa, aende hospitali sasa, asisubiri.