Kupeleka wanafunzi Watamu kusoma mawe, mimi hupanga hivi

Nimepeleka watoto wa kidato cha pili na cha tatu Watamu, pwani ya Kenya, mara kadhaa sasa, na walimu wenzangu wa jiografia wananiuliza naanzia wapi. Anza na maji. Basi na barua ya prinsipo baadaye.

Hatua ya 1: angalia mwezi
Safari yangu ya kwanza sikuwaza kabisa, tukafika saa tisa na nusu alasiri bahari imejaa mpaka kwenye ukuta wa mwamba, watoto wakala mandazi ndani ya basi tukageuza. Chagua siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, hapo ndio bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana, na pwani yetu maji ya bamvua hukupwa kama saa nne, saa tano asubuhi, kwa hivyo uwe umeshafika saa mbili na nusu mshuke mkiyafuata yanavyotoka. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, achana nayo, hayatoki vya kutosha. Tazama jedwali la maji, halafu muulize mvuvi yeyote pale, atakujibu bila kushika simu.

Hatua ya 2: ruhusa
Pale ni hifadhi ya bahari tangu 1968, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, waandikie mapema. Hakuna kuokota wala kuvunja, na visukuku vyenyewe, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyo ndani ya mawe, vinalindwa na sheria ya makavazi ya 2006, kwa hivyo nyundo ibaki shule.

Hatua ya 3: jaribio la siki, mlifanye darasani
Tafuta kipande cha jiwe la matumbawe la kujengea, pwani yamejaa kila plot. Likwaruze na msumari mpaka litoe unga, dondosha siki juu ya huo unga. Utaona povu dogo dogo, sogeza sikio utasikia linachemka. Hiyo ndio chokaa, na mtoto akishaisikia hana haja ya kukariri.

Hatua ya 4: vaa
Raba zenye soli ngumu. Ndara utajuta, ule mwamba ni wembe. Kofia, maji ya kunywa, penseli, rula, na kamba ya mita nne kwa kila kundi.

Hatua ya 5: uliza, halafu nyamaza
Hapa usiharakishe. Wasimamishe mbele ya ukuta, uliza tumbawe linaishi wapi, watasema baharini, sasa waoneshe lile lililo juu ya vichwa vyao uulize limefikaje huko. Waache wabishane. Wengine watasema ardhi iliinuka, wengine gharika ya Nuhu, sawa tu. Baadaye ndio uwaambie kwamba miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu nyingi ya ncha za dunia ikayeyuka, na bahari ikasimama mita 6 hadi 9 juu ya ilivyo leo, na huo ukuta ulikuwa mwamba wa matumbawe hai wakati huo.

Kisha kila kundi lifanye mraba wa mita moja kwa kamba yao na wachore kilichomo, picha za simu mwisho kabisa maana ukichora unalazimika kuangalia. Waambie watafute tumbawe la matawi ambalo bado limesimama wima na kombe lenye pande zote mbili limefunga, hao walifia walipoishi. Vipande vilivyolala ovyo vimechanganyika na mchanga, hivyo vilibebwa na mawimbi. Kuna msichana mmoja alikaa nusu saa nzima kwenye tumbawe moja la mistari inayojipinda kama ubongo, akahesabu mistari kwa ncha ya penseli, mwisho kundi lake likamwacha.

Usiruhusu mtu kukaa chini ya ule mwamba uliobinuka kama uyoga. Maji yameula kwa chini na huangukaga bila taarifa. Maji yakianza kurudi, hesabu vichwa, ondokeni.

Hatua ya 6: Gede mkirudi
Ni karibu tu, magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Kuta za magofu ni mawe yale yale ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, lakini penye nakshi wazee wetu wa pwani walikuwa wakitumia tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka. Waambie watafute yote mawili kwenye mlango mmoja. Mimi huwapa dakika kumi, na kuna wanaozimaliza kwenye kisima.