Longonot au Hell's Gate: Usiku Mmoja, Upige Hema Wapi?

Ukitoka Nakuru au Kisumu na hema mgongoni, na huna zaidi ya Jumamosi na Jumapili, mbuga hizi mbili za Kenya hukuchanganya kwa sababu ziko karibu karibu. Zote ziko upande wa Naivasha, zote ni kavu, na zote ni ndogo: Longonot ina kilomita 52 za mraba, Hell's Gate kama 68. Usiamue kwa picha. Amua kwa maji: yale utakayobeba, na yale yanayoweza kukujia kutoka mahali usipopaona.

Longonot ni mlima mmoja na njia moja. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, ni kilomita 3 na kidogo, kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, kisha unashuka ulikopandia. Jumla ni kama kilomita 13 na nusu, saa nne au tano kwa mwenye pumzi. Kilele, mita 2,776, kiko kwenye ukingo huo huo upande wa mbali, kwa hiyo asiyezunguka hakifiki. Huko juu hakuna bomba wala kijito, na kivuli ni cha kutafuta. Beba lita 3 kila mtu, na lita moja isifunguliwe mpaka umepita kilele. Wengi huharibu hapa: wakifika ukingoni huona kazi imekwisha, wanamaliza chupa wakipiga picha, kumbe wana zaidi ya theluthi mbili za safari mbele yao.

Udongo ni jivu la volkano. Ukikauka huwa kama unga, na mvua imeuchimba mitaro inayomeza mguu mzima. Raba iliyolika soli itakuvumilia ukipanda, ikuangushe ukishuka. Fimbo ya kawaida ya mti inatosha. Anza kupanda kabla ya saa mbili asubuhi, maana kufika saa tano jua huwa limekaa utosini na vumbi limekauka kooni. Kambi iko chini, karibu na lango. Ukingoni hakulalwi.

Hell's Gate ni habari nyingine. Hapa unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya punda milia, twiga, kongoni na ngiri. Ila nyati wapo pia, na baiskeli haimshindi nyati kwa mbio, kwa hiyo mpe nafasi asogee mwenyewe. Baiskeli hukodishwa kwenye njia panda kabla ya lango la Elsa, la kuingilia mbugani. Usilipe kabla ya kubana breki zote mbili na kuzungusha pedeli uone kama mnyororo unaruka. Omba pampu na tyubu ya akiba: miiba ya migunga ndiyo huleta pancha, na kutoka langoni hadi korongoni ni kama kilomita 8.

Korongo la Ol Njorowa ndilo linalowavuta wengi, na ndilo la kuogopwa. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mvua hunyesha nyanda za juu, maji yanateremka na kubanwa kati ya kuta nyembamba, nawe chini unaona anga la buluu. Mahali pa kupanda kutokea ni pachache. Ukiona wingu upande wowote, au askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, akisema korongo limefungwa, achana nalo. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, panga safari kana kwamba korongo halipo. Uwanda na mnara wa mwamba wa Fischer vinatosha kujaza siku.

Kwa kulala, Hell's Gate inashinda. Kuna kambi za Naiburta, Ol Dubai na Endachata. Hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, usitegemee bomba la kambini. Vigingi vifupi hung'oka kwenye udongo wa jivu upepo ukivuma, kwa hiyo funga kamba kwenye mawe makubwa. Chakula kisilale hemani: nyani wanafungua zipu vizuri kuliko watoto wengi. Bebeni sweta pia, usiku wa huko ni baridi.

Ukitoka Kisumu utafika Naivasha alasiri. Usijaribu Longonot saa hizo. Ama lala chini ya mlima, kisha uupande alfajiri ya Jumapili, ama shika matatu ya barabara ya Moi South Lake, ushuke njia panda ya Elsa, uendeshe baiskeli jua likipoa. Wa Longonot hupanda matatu ya Mai Mahiu kwa barabara ya zamani, kisha boda boda hadi langoni. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, si pesa taslimu. Maliza malipo ukiwa bado Naivasha mjini, simu ikiwa na chaji.