Somo: Kuingiza katheta (bomba jembamba) kwenye vena ya kitovu

Hili ni kwa wenzangu wa wodi za vichanga, Tabora na Kigoma, mlioshuhudia likifanywa na sasa mnalifanya chini ya msimamizi. Kitovu chenye usaha, au utumbo ukiwa nje, usiguse.

1. Piga hesabu kabla ya kuvaa glavu. Uzito kwa kilo mara 3, jumlisha 9: hizo ni sentimita za kuingiza katheta ukitumia ateri. Gawa kwa 2, ongeza 1: umepata za vena. Kichanga wa kilo 2 ni 15 na 8.5. Kisha ongeza urefu wa kisiki cha kitovu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Chini ya kilo 1.5, katheta namba 3.5, zaidi ya hapo, namba 5.

2. Ijaze maji ya chumvi, funga koki. Mtoto akivuta pumzi koki ikiwa wazi, hewa huingia moyoni.

3. Safisha, tandika vitambaa safi vya upasuaji, zungushia uzi shinani bila kukaza sana, kata ubakize kama sentimita 1. Tundu moja pana lenye ukuta mwembamba, mara nyingi upande wa kichwa, ndilo vena. Matundu mawili madogo meupe yaliyochomoza ni ateri.

4. Ondoa damu iliyoganda, ingiza taratibu. Ikigoma usilazimishe, irudishe kidogo, izungushe, jaribu tena.

5. Piga eksirei. Damu kurudi kwenye bomba inakuambia tu kwamba umo mshipani, basi. Ncha ikae juu kidogo ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, usawa wa pingili ya 8 au 9 ya kifua. Ikiingia kwenye ini, glukosi kali itaunguza. Vitambaa vikishaondolewa unaweza kuivuta nje, kamwe si kuisukuma ndani.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Huku Kasulu, eksirei ikiharibika usiku?*
Marahaba. Kama ni kumhuisha mtoto, ingiza sentimita 2 hadi 4 tu, damu ikirudi ishia hapo. Mpe dawa na maji, tafuta mshipa wa mkono, kisha itoe na umpe rufaa. Usiiache ikae kwa kubahatisha.

*Dokta, kwenye picha nitajuaje nimeingia ateri?*
Ya ateri hushuka kwanza nyongani ndipo ipande. Ya vena hupanda moja kwa moja.

*Katheta ya ateri imo, vidole vya mguu vimekuwa vyeupe. Nisubiri?*
Hapana, dada. Mwite daktari sasa hivi, na itolewe.