Kubadili mwendo wa filamu ya supahiro kwa kuihariri upya: hatua kwa hatua

Mwaka 2017 Justice League iliingia kwenye majumba ya sinema ikiwa na dakika 120. Mwaka 2021 ikatoka tena kwa mkono wa Zack Snyder, safari hii dakika 242, zaidi ya maradufu. Ukihesabu saa tu, utadhani ya pili ndiyo inayochosha. Kwangu ni kinyume. Ile ndefu inafuatika vizuri, ile fupi inakwamakwama. Mwendo wa filamu haupimwi kwa dakika. Upime kwa umbali uliopo kati ya swali linalofunguka kichwani mwa mtazamaji na jibu lake, kisha kwa nafasi anayopewa ya kulihisi jibu hilo kabla swali jingine halijaingia. Kila hatua hapa chini inatumikia jambo hilo moja.

Mashabiki wamekuwa wakizikata upya filamu za studio kubwa kwa miaka mingi. Iliyovuma mwanzo ni Phantom Edit, toleo la Star Wars: Episode I lililosambaa mwaka 2001 likiwa limepunguzwa karibu dakika 20, kazi ya mhariri aitwaye Mike J. Nichols. Leo filamu za supahiro ndizo uwanja mzuri kuliko yote wa kujifunzia, kwa sababu nyingi zimetoka katika matoleo zaidi ya moja. Unaweza kuyaweka matoleo mawili sambamba na kuona kila uamuzi wa mhariri umezaa nini.

Kabla ya kuanza: nunua nakala halali, fanyia kazi nyumbani, usiuze, usiipandishe mtandaoni. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, hata kuvunja kufuli la kidijitali la diski uliyoinunua mwenyewe ni kosa, kwa hiyo soma sheria ya mahali ulipo. Zoezi hili thamani yake ni ujuzi unaobaki mikononi mwako.

Hatua ya 1: Iandike filamu kabla hujaigusa

Itazame yote ukiwa na daftari. Kwa kila sini andika inapoanza na inapoishia, nani yumo, swali gani linafunguka, na lipi linafungwa. Usiandike maoni bado. Kazi hii inachosha na ndiyo inayorukwa na wengi, lakini mhariri asiye na jedwali hili anakata kwa kubahatisha.

Ukimaliza, weka alama nyekundu kwenye kila sini isiyofungua wala kufunga swali lolote. Usizifute papo hapo, maana nyingine ni pumzi ya filamu. Katika Justice League ya 2021, Aquaman anapoingia baharini, wanawake wa kijiji cha Iceland wanabaki ufukweni wakiimba, mmoja wao ananusa sweta aliyoiacha. Hakuna swali pale. Lakini ndipo tunapojua kwamba kuna watu wanaomchukulia mtu huyu kama baraka, na yeye mwenyewe haoni hivyo. Mimi ningeubakiza wimbo ule na kuufupisha kwa nusu. Mwingine angeutoa wote. La msingi ni kwamba ujue unatoa nini.

Hatua ya 2: Chagua ugonjwa mmoja

Usiseme "filamu inaboa". Sema inaboa wapi na kwa nini. Tazama Batman v Superman ya 2016. Toleo la sinema ni dakika 151, na toleo refu lililofuata liliongeza takriban nusu saa. Mwanzoni kuna vurugu katika nchi ya Afrika iliyobuniwa iitwayo Nairomi, na Superman analaumiwa kwa vifo vya wanakijiji. Katika toleo la sinema lawama hiyo haishiki vizuri, mtazamaji anabaki akijiuliza wanamshitaki kwa lipi hasa. Toleo refu linatuonyesha mamluki wakiichoma miili kwa moto ili ionekane kazi ya macho ya Superman, yanayotoa miale ya moto. Shahidi Kahina Ziri, aliyesimama mbele ya kamati ya Seneti, baadaye anakiri kwamba alilazimishwa kusema uongo. Clark Kent, yaani Superman mwenyewe katika maisha yake ya kawaida, naye anaonekana akifanya kazi yake ya uandishi huko Gotham, akiwahoji watu wanaomwogopa Batman, kwa hiyo ugomvi wa wawili hawa unapata mzizi.

Nusu saa imeongezwa na filamu imekwenda haraka zaidi, kwa sababu mtazamaji haburuzi tena maswali yasiyojibiwa. Ukiona sehemu inazorota, jiulize kwanza kama kuna sababu iliyofichwa kabla ya kunyanyua mkasi. Pengine dawa yako ni kurudisha dakika mbili, si kutoa kumi.

Hatua ya 3: Andaa mradi

Programu za bure zinatosha: DaVinci Resolve, Kdenlive au Shotcut. Jambo moja usilikosee ni idadi ya fremu, yaani picha tuli zinazopita kila sekunde. Filamu nyingi kwenye diski ziko kwenye fremu 23.976 kwa sekunde. Iweke namba hiyo kwenye mradi kabla ya kuingiza faili, kwani ukifungua mradi wa 25 au 30 mwendo wa kamera utakuwa wa kudundadunda, na kwenye Resolve huwezi kubadili namba hiyo ukishaingiza video.

Kama unachanganya matoleo mawili, angalia umbo la picha na rangi. Justice League ya 2017 ni pana kwa uwiano wa 1.85 kwa 1, ile ya 2021 ni 1.33 kwa 1, karibu mraba. Unaweza kuikata juu na chini ili zilingane, ila chunga usikate vichwa vya watu. Rangi ni ngumu zaidi. Pambano la mwisho la 2017 lina anga jekundu, la 2021 ni giza la kijivu na buluu. Ukizichanganya shoti za mapambano hayo mawili, jicho litashtuka kila baada ya sekunde tatu, na mwendo wote ulioujenga utapotea. Kwa pambano lile chagua toleo moja ubaki nalo.

Sauti ilete ikiwa na chaneli zote sita, usiibane kuwa mbili. Hatua ya 6 itakuonyesha sababu.

Hatua ya 4: Kata vichwa na mikia ya sini

Hapa ndipo dakika nyingi hupatikana bila kuumiza hadithi. Nenda kwenye sini, tafuta sentensi au tendo la kwanza linalobadilisha kitu, kisha rudi nyuma kidogo kiasi cha mtazamaji kujua yuko wapi. Anza hapo. Mwisho fanya vivyo hivyo: swali jipya likishafunguka, ondoka. Salamu, kufungua mlango, kupanda gari na kushuka, vingi havihitajiki.

Kwenye Resolve, kitufe cha Delete hufuta na kuziba pengo, Backspace hufuta na kuacha nafasi wazi. Kwa raundi ya kwanza tumia Backspace. Ukiyaona mapengo yamekaa kwenye taimlaini, ule mstari wa muda unaopanga vipande vyako, utajua unatoa kiasi gani na wapi, na sauti haitahama mahali pake kabla hujaamua.

Shoti za mji kutoka angani usizimalize zote. Baada ya pambano la dakika nane, sekunde nne za mji uliotulia zinampa mtazamaji nafasi ya kuelewa kilichotokea.

Hatua ya 5: Fuata uzi mpaka mwisho

Kila kitu unachotoa kina mkia mahali fulani mbele. Mfano mzuri ni ile familia ya Warusi kwenye toleo la 2017, wanaojificha ndani ya nyumba yao huku viumbe kama wadudu wa Steppenwolf, adui mkuu wa filamu, wakiruka nje. Haimo kabisa kwenye toleo la 2021. Kila wanapotokea, hadithi ya mashujaa inasimama, na hawakutani na shujaa yeyote hadi mwisho. Kuwatoa ni rahisi mno, unanyanyua vipande vyao na sini za pande mbili zinakutana zenyewe.

Lakini ukifika kwenye pambano la mwisho utamkuta Flash akilisukuma gari lao, na Superman akipita angani amebeba jengo zima lenye watu. Ukiiacha shoti ya gari, mtazamaji atauliza hawa ni nani. Ukizitoa zote mbili, mashujaa wanapigana mahali pasipo na raia hata mmoja, na hatari inapungua uzito. Mimi natoa familia na gari, naibakiza shoti ya jengo. Inatosha kusema kwamba kuna watu pale, bila kudai tuwajue majina.

Utani nao ni uzi. Filamu hizi hupenda kuweka mzaha mara tu baada ya pigo zito, na pale ndipo hisia inapovuja. Walter Murch, mhariri wa Apocalypse Now, alipopima sababu za kukata mahali fulani aliipa hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10. Tumia mizani hiyo. Kama kichekesho kinakuja wakati mtazamaji bado anamlilia mtu, kitoe hata kama kinachekesha kweli. Kama kinakuja baada ya dakika mbili za maelezo makavu, kiache, kinasaidia. Njia ya kukitoa: tafuta uso wa mtu mwingine aliyemo kwenye sini hiyohiyo, uweke juu ya mshono, pale vipande viwili vinapoungana, kwa nusu sekunde hivi, yaani fremu 12, kisha rudi kwenye mazungumzo. Jicho linakubali uso unaosikiliza kuliko mruko wa ghafla kwenye uso uleule.

Hatua ya 6: Sauti ndiyo inayoshona

Mshono mbaya husikika kabla haujaonekana. Kwenye sauti ya chaneli sita, mazungumzo hukaa zaidi kwenye chaneli ya katikati, na muziki hutanda pembeni. Kwa hiyo unaweza kuondoa sentensi mbili katikati huku muziki wa kushoto na kulia ukiendelea bila kukatika, mradi uende nao sambamba kwa kipimo cha mdundo. Hesabu mapigo manne au nane, kata hapo, unganisha kwa kufifisha kwa fremu tatu au nne.

Muziki ukigoma, tafuta kishindo: mlango, mlipuko, ngurumo. Kishindo kimoja kinafunika mabadiliko mengi. Na unapotoka sini moja kwenda nyingine, acha sauti ya sini inayokuja itangulie fremu 8 hadi 15 kabla ya picha yake. Mtazamaji anavutwa mbele bila kujua amevutwa. Kwa mbinu hii peke yake filamu inaweza kuonekana imeharakishwa bila kutolewa hata sekunde moja.

Kumbuka pia kwamba Justice League mbili zina watunzi tofauti, Danny Elfman kwa 2017, Tom Holkenborg kwa 2021. Ukiruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya sini moja, sikio litakuambia hata kama hujui jina la mtunzi.

Hatua ya 7: Chezea mpangilio wa pambano la mwisho

Chukua Avengers: Infinity War ya 2018. Karibu na mwisho tunarukaruka kati ya sehemu tatu: Wakanda ambako jeshi linaelemewa, sayari ya Titan ambako Iron Man na wenzake wanamkabili Thanos, na Nidavellir ambako Thor anaivumilia nguvu ya nyota ili chuma cha shoka lake jipya kiyeyuke. Fanya zoezi hili: toa vipande vyote vya Thor, viunganishe kuwa kimoja, uviweke kabla ya vita ya Wakanda kuanza. Tazama. Shoka ni lilelile, mwanga ni uleule, lakini Thor anapotua Wakanda hushangilii. Umeshajua kwa muda mrefu kwamba msaada upo njiani.

Sasa rudisha kama ilivyokuwa, halafu jaribu kusogeza kipande kimoja tu cha Nidavellir dakika moja mbele. Utaona jinsi dakika hiyo inavyobadili kifua cha mtazamaji. Mimi naliona hili kuwa somo kubwa kuliko kufupisha kokote.

Hatua ya 8: Jaribu kwa watu

Waalike watu ambao hawajaiona filamu. Kaa pembeni uwatazame wao, si skrini. Andika saa simu ya kwanza inapotolewa mfukoni, saa mtu anapomgeukia mwenzake kuuliza "huyu nani?" Filamu ikiisha usiulize kama ni nzuri, waombe wakusimulie. Pale simulizi yao inaporuka au kukosea, ndipo uzi ulipokatika.

Kama uliwahi kukaa kwenye banda la video ukamsikiliza msimuliaji kama DJ Afro wa Kenya, unajua tayari jambo hili kwa masikio. Msimuliaji haikati filamu, lakini anajua sehemu ipi inalegea, na hapo ndipo anapoongeza maneno, jina la utani, mzaha. Kwenye pigo la kweli sauti yake hupanda pamoja na umati. Isikilize filamu iliyosimuliwa ukiwa na jedwali lako la hatua ya 1, na uweke alama kila anapojazia. Alama hizo mara nyingi zitaangukia palepale ulipoweka nyekundu.

Rekebisha, jaribu tena kwa watu wengine, kisha toa faili kwa idadi ileile ya fremu na chaneli zote sita. Iangalie mwanzo hadi mwisho kwenye runinga, siyo kwenye kompyuta uliyohariria, ukichunguza midomo na sauti mara baada ya kila mshono. Ikichelewa hata fremu mbili, kosa liko kwenye mshono uliotangulia, rudi hapo uhesabu upya.